Namna ya Kulinganisha Timu Mbili za Besiboli Kabla ya Mfululizo wa Mtoano

Hatua ya mtoano katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, huja baada ya msimu mrefu wa michezo 162, na urefu huo ndio unaowapotosha watu wengi. Mtu hutazama msimamo wa ligi, akaona timu moja imeshinda michezo 98 na nyingine 94, kisha akahitimisha kwamba ile ya kwanza ni bora na ndiyo itakayopita. Hata hivyo, timu iliyoshinda michezo hiyo tangu Machi hadi Septemba si lazima iwe ndiyo itakayoingia uwanjani mwezi Oktoba, kwa kuwa katikati ya msimu wapo walioumia, wapo waliosajiliwa, na wapo ambao mikono yao imechoka. Kazi ya mlinganishaji ni kujua nani hasa watacheza katika siku zile chache, watacheza siku ipi, na dhidi ya nani. Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja, World Series, yaani fainali ya MLB, ya mwaka 2024 kati ya Los Angeles Dodgers na New York Yankees, kwa sababu matokeo yake yanajulikana, Dodgers wakitwaa ubingwa kwa michezo 4 kwa 1, na kila hatua ya ulinganisho inaweza kupimwa kwa yale yaliyotokea.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu bado ni mgeni kwake, inatosha kukumbuka kwamba mchezo una awamu 9, na katika kila awamu kila timu hupata zamu moja ya kupiga mipira inayorushwa na mrushaji wa timu pinzani; zamu hiyo huisha wapigaji watatu wanapotolewa. Pointi hupatikana pale mchezaji anapozunguka besi zote tatu, yaani vituo vilivyowekwa uwanjani, na kurudi nyumbani, pale alipopigia. Homurani ni pigo linalouvusha mpira juu ya ukuta wa uwanja, na humrudisha nyumbani mpigaji pamoja na wenzake wote waliokuwa kwenye besi.

Anza na urefu wa mfululizo

Kabla ya kugusa takwimu yoyote, jiulize mfululizo una michezo mingapi. MLB imegawanyika katika ligi mbili, na mabingwa wa ligi hizo ndio hukutana katika World Series. Tangu mwaka 2022 timu 12 huingia katika mtoano, 6 kutoka kila ligi. Raundi ya kwanza huchezwa kwa michezo isiyozidi 3, yote katika uwanja wa timu iliyopangwa juu zaidi, na timu mbili bora za kila ligi haziichezi kabisa. Raundi ya pili haizidi michezo 5, na fainali za ligi pamoja na World Series hazizidi michezo 7.

Urefu huu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuseme timu moja ni bora kiasi kwamba katika mchezo wowote ina uwezekano wa asilimia 55 wa kushinda, ambayo katika besiboli ni tofauti inayoonekana wazi. Katika mfululizo wa michezo 3, uwezekano wake wa kupita ni takribani asilimia 57. Katika michezo 5 ni 59. Na katika michezo 7 ni 61 tu. Maana yake ni kwamba hata katika mfululizo mrefu kuliko yote, timu dhaifu hupita mara 4 katika kila 10. Ndiyo maana Seattle Mariners walioshinda michezo 116 mwaka 2001 waliondolewa na Yankees kwa michezo 4 kwa 1, na Dodgers walioshinda michezo 100 mwaka 2023 wakafungwa michezo 3 mfululizo na Arizona Diamondbacks walioshinda 84 tu. Mwaka 2006 St. Louis Cardinals walitwaa ubingwa wakiwa na ushindi wa michezo 83. Anayelinganisha timu mbili bila kuyaweka haya mbele atajikuta anatamka kwa uhakika mambo ambayo mchezo wenyewe haumruhusu kuyajua.

Tazama tofauti ya pointi kabla ya idadi ya ushindi

Idadi ya michezo ambayo timu imeshinda huficha bahati. Timu inaweza kushinda michezo mingi kwa tofauti ya pointi moja, na michezo ya namna hiyo mara nyingi huamuliwa na mpira mmoja uliodunda vibaya. Kipimo kinachotulia zaidi ni jumla ya pointi ambazo timu imepata ikilinganishwa na zile ilizoruhusu. Bill James, mchambuzi wa Kimarekani, ndiye aliyeweka kanuni inayotumika hadi leo: zidisha pointi zilizopatikana kwa zenyewe, fanya vivyo hivyo kwa zilizoruhusiwa, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili. Utakachopata ni sehemu ya michezo ambayo timu ilistahili kushinda.

Mwaka 2024 Dodgers walipata pointi 842 na kuruhusu 686. Ukipiga hesabu hiyo unapata 0.601, yaani kama michezo 97 kati ya 162, walishinda 98. Yankees walipata 815 na kuruhusu 668, ambayo ni 0.598, tena kama michezo 97. Wao walishinda 94. Pengo la michezo 4 lililoonekana kwenye msimamo wa ligi linatoweka karibu lote, na mtu mwaminifu anapaswa kuanza ulinganisho wake kwa kusema kwamba timu hizi zilikuwa sawa. Hatua zote zinazofuata ni za kutafuta sababu za kuusogeza usawa huo upande mmoja au mwingine, na kila sababu isogeze kwa kiasi inachostahili, si zaidi.

Zamani ilibidi pia kuuliza kila timu ilikutana na wapinzani wa namna gani, kwa kuwa baadhi zilicheza mara nyingi na timu dhaifu za kanda yao. Swali hilo bado lina maana, ila limepungua uzito tangu mwaka 2023, ratiba ilipobadilishwa na kila timu ikawa inakutana na nyingine zote 29.

Orodhesha watakaokuwepo na wasiokuwepo

Chukua karatasi, uigawe sehemu mbili, na kwa kila timu andika wachezaji 26 waliosajiliwa kwa mfululizo huo. Orodha hiyo hutangazwa kabla ya mchezo wa kwanza, na timu inaweza kuibadilisha kati ya raundi moja na nyingine. Kisha rudi kwenye takwimu za msimu na uulize, kwa kila namba, ni nani aliyeitengeneza.

Kwa Dodgers wa 2024 swali hilo lilikuwa na majibu mazito. Tyler Glasnow, Clayton Kershaw na Gavin Stone, warushaji waliotegemewa kuanza michezo, wote walikuwa majeruhi. Shohei Ohtani, ambaye kwa kawaida hurusha na pia hupiga, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko Septemba 2023 na mwaka huo wote alipiga tu. Freddie Freeman aliteguka kifundo cha mguu tarehe 26 Septemba, na katika raundi mbili za mtoano alizocheza kabla ya World Series hakupata hata pigo moja lililomfikisha zaidi ya besi ya kwanza. Kwa upande wa Yankees, Anthony Rizzo alikuwa amevunjika vidole mwishoni mwa Septemba, akakosa raundi moja na kurudi katika iliyofuata.

Usiwasahau waliosajiliwa mwezi Julai. Jack Flaherty alitoka Detroit, Tommy Edman alitoka St. Louis, na Michael Kopech alitoka Chicago, wote wakaja Dodgers. Yankees nao walimchukua Jazz Chisholm kutoka Miami. Takwimu za miezi minne ya kwanza hazina mchango wa watu hawa kwa timu walizochezea Oktoba. Kwa sababu hiyo napendekeza kutazama pia matokeo ya timu tangu mwanzo wa Agosti peke yake, ila yatumike kama marekebisho ya picha ya msimu mzima na yasichukue nafasi yake, kwa kuwa miezi miwili ni michezo michache na bahati bado ina nafasi kubwa ndani yake.

Warushaji: panga siku, usipange majina

Hapa ndipo mfululizo unapoamuliwa, na hapa ndipo mlinganishaji anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Katika mchezo mmoja, mrushaji wa kuanza hukutana na kila mpigaji mara mbili au tatu, na hakuna mchezaji mwingine uwanjani mwenye mamlaka ya namna hiyo juu ya matokeo. Lakini mkono wa binadamu una mipaka, na mrushaji wa kuanza huhitaji angalau siku nne za mapumziko kabla ya kurusha tena. Hivyo kulinganisha mrushaji bora wa timu moja na mrushaji bora wa nyingine hakutoshi. Lazima uchore jedwali la tarehe.

World Series ya 2024 ilipangwa kuchezwa tarehe 25 na 26 Oktoba mjini Los Angeles, kisha 28, 29 na 30 New York, na ikibidi tarehe 1 na 2 Novemba tena Los Angeles. Andika tarehe hizo saba kwenye mstari mmoja, kisha chini yake weka warushaji. Gerrit Cole wa Yankees akirusha tarehe 25, anaweza kurudi tarehe 30, mchezo wa 5. Carlos Rodón akirusha wa 2, yuko tayari kwa wa 6. Clarke Schmidt wa 3 na wa 7, na Luis Gil anabaki na wa 4. Yankees walikuwa na warushaji wanne na jedwali lao limejaa. Sasa fanya hivyo kwa Dodgers: Flaherty wa 1 na wa 5, Yoshinobu Yamamoto wa 2 na wa 6, Walker Buehler wa 3 na wa 7. Mchezo wa 4 hauna mtu. Nafasi hiyo tupu ndiyo habari kubwa kuliko zote ambazo jedwali linakupa, na huwezi kuiona ukisoma wastani wa msimu.

Yaliyotokea yalilingana na jedwali. Mchezo wa 4 Dodgers waligawanya kazi kwa warushaji wa akiba, wale ambao kwa kawaida huingia katikati ya mchezo, tangu awamu ya kwanza, na Yankees wakashinda 11 kwa 4, ushindi wao pekee katika mfululizo. Lakini kuna jambo la pili ndani ya tukio hilo ambalo mlinganishaji makini hulitafuta mapema. Dodgers walipokuwa nyuma, kocha wao Dave Roberts hakuwatumia warushaji wake bora wa akiba, aliwapumzisha. Kesho yake Flaherty aliwatoa wapigaji wanne tu kabla ya kuondolewa, na mikono ile iliyopumzika ndiyo iliyoubeba mchezo hadi ubingwa. Kwa hiyo nafasi tupu kwenye jedwali ina bei, na bei hiyo inaweza kulipwa kwa siku moja badala ya kuenea mfululizo mzima, ikiwa kocha ana ujasiri wa kuukubali mchezo mmoja upotee.

Kuhusu ubora wa kila mrushaji, kipimo kinachojulikana zaidi ni wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila awamu 9, bila kuhesabu zile zilizotokana na makosa ya walinzi wake. Kinafaa kwa kuanzia, ila kina udhaifu: kinategemea pia walinzi walio nyuma yake na bahati ya mpira kuangukia patupu. Tazama zaidi mambo matatu ambayo mrushaji huyamiliki mwenyewe, yaani ni wapigaji wangapi anawatoa kwa straiki tatu (mirusho halali ambayo mpigaji anashindwa kuipiga), wangapi anawapa besi ya bure kwa kushindwa kulenga, na homurani ngapi anaruhusu. Tazama pia kasi ya mrusho wake wa haraka katika wiki za mwisho, kwa sababu kasi inayoshuka mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya uchovu au maumivu. Takwimu zote hizi hupatikana bure katika tovuti za Baseball-Reference, FanGraphs na Baseball Savant.

Buehler anaonyesha vizuri mipaka ya wastani. Msimu wa 2024 ulikuwa mbaya kwake: alishinda mchezo 1, akapoteza 6, na wastani wake ulikuwa 5.38, huku Schmidt wa Yankees akiwa na 2.85. Karatasi ingewapa Yankees mchezo wa 3 bila kusita. Buehler alirusha awamu 5 bila kuruhusu pointi, Schmidt akaondolewa katika awamu ya tatu, na Dodgers wakashinda 4 kwa 2. Sidai kwamba mtu angeweza kulitabiri hilo. Ninachosema ni kwamba Buehler alikuwa anarudi kutoka upasuaji wa pili wa kiwiko, hivyo sehemu ya msimu wake ilikuwa ya kujitafuta, na Schmidt mwenyewe alikaa nje muda mrefu na kurusha awamu chache. Namba mbili zilizokusanywa katika hali kama hizo hazipaswi kuaminiwa sawa na namba za mtu aliyerusha msimu mzima.

Kwa warushaji wa akiba, usihesabu ni wangapi wapo, hesabu ni wangapi ambao kocha anawaamini katika awamu ya saba, ya nane na ya tisa, na ni wangapi kati yao ni mashoto. Tangu mwaka 2020 kanuni inamtaka mrushaji anayeingia akabili wapigaji wasiopungua 3 au amalize zamu, isipokuwa ameumia. Kanuni hii imebadili namna ya kumtumia mashoto mmoja dhidi ya mpigaji mmoja, na mchezo wa 1 wa 2024 ni somo lake kamili. Baada ya sare katika awamu 9, Yankees walikuwa mbele 3 kwa 2 katika awamu ya 10, ya nyongeza, Dodgers wakiwa na watu wawili kwenye besi na mmoja ameshatolewa, na Ohtani, ambaye hupiga kwa mashoto, alikuwa anakuja. Kocha Aaron Boone alimwita Nestor Cortes, mrushaji wa mashoto ambaye hakuwa amecheza tangu tarehe 18 Septemba kwa sababu ya maumivu ya msuli wa kiwiko. Mrusho wake wa kwanza ulimtoa Ohtani, mpira ukidakwa ukingoni mwa jukwaa, lakini wakimbiaji wakasogea. Mookie Betts akapewa besi kwa makusudi. Mpigaji wa tatu akawa Freeman, na mrusho wa pili wa Cortes ukaishia kwenye jukwaa la upande wa kulia: homurani ya pointi 4, 6 kwa 3. Wakati wa kulinganisha, uliza ni nani atakayeingia katika nafasi kama hiyo, na alirusha lini mara ya mwisho.

Wapigaji: tafuta urefu wa safu

Nguvu ya kupiga hupimwa kwa mambo mawili, ambayo ni mara ngapi mpigaji anafika kwenye besi kwa njia yoyote, na anafika mbali kiasi gani anapoupiga mpira. Ukiyajumlisha unapata kipimo kinachoitwa OPS, na kwa ulinganisho wa haraka kinatosha. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua kufika kwenye besi, kwa kuwa kila mpigaji asiyetolewa humrefushia kazi mrushaji wa kuanza na kumlazimisha kocha afungue akiba yake mapema.

Hapa timu zetu mbili zilifanana sana. Yankees walipiga homurani 237, nyingi kuliko timu yoyote msimu huo, na Dodgers 233. Aaron Judge alipiga 58, Juan Soto 41, Ohtani 54 na kuiba besi 59, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Tofauti haikuwa kileleni mwa safu. Ilikuwa katika nafasi ya sita hadi ya tisa, na huko ndiko ninakokushauri utazame baada ya kuridhika na majina makubwa. Soto na Judge walipiga mmoja baada ya mwingine, mashoto akifuatiwa na wa kulia, na hakuna mrushaji aliyewafurahia. Lakini wakishapita, Yankees walimtegemea sana Giancarlo Stanton, na baada yake mrushaji alipata nafasi ya kupumua. Kwa Dodgers, Edman, aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao, mara nyingi alipangwa chini ya safu.

Michezo mitano humpa mpigaji nafasi 20 hivi za kupiga, na katika nafasi 20 lolote linaweza kutokea. Judge, aliyekuwa na wastani wa .322 katika msimu, yaani mapigo 322 kwa kila nafasi 1,000 za kupiga, alipata mapigo 4 katika 18. Ohtani, aliyeumia bega akijaribu kuiba besi katika mchezo wa 2, alipata 2 katika 19. Freeman mwenye kifundo kibovu alipiga homurani katika kila mmoja wa michezo minne ya kwanza, akaingiza pointi 12 na kuchaguliwa mchezaji bora. Kwa sababu hiyo timu yenye wapigaji wanane wazuri ina kinga ambayo timu yenye watatu bora haina: nyota wawili wakizimika, bado kuna watu wa kuibeba.

Takwimu za mpigaji fulani dhidi ya mrushaji fulani hupendwa sana na watangazaji, nami naziacha kando. Mara nyingi ni nafasi 10 au 12 zilizotawanyika katika miaka kadhaa, na wote wawili wamebadilika tangu hapo. Jambo linaloaminika zaidi ni mkono: wapigaji wengi humpiga vizuri mrushaji wa mkono ulio kinyume na wao, na takwimu za msimu dhidi ya mashoto na dhidi ya wa kulia hutokana na mamia ya nafasi. Jambo la pili linaloaminika ni kwamba wapigaji hufanya vizuri zaidi wanapokutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja, jambo linaloeleza kwa nini makocha wengi huwaondoa warushaji wa kuanza mapema mwezi Oktoba.

Ulinzi na kukimbia

Watu huiweka sehemu hii mwisho kwa kuwa ni ngumu kupimwa, lakini mchezo wa 5 wa 2024 unatosha kumshawishi yeyote. Yankees walikuwa mbele 5 kwa 0, na Cole hakuwa ameruhusu pigo hata moja katika awamu nne. Katika awamu ya tano, baada ya pigo la Kiké Hernández, Judge aliuangusha mpira mwepesi wa juu. Anthony Volpe akarusha vibaya kuelekea besi ya tatu, na besi zikajaa bila mtu kutolewa. Cole aliwatoa wapigaji wawili kwa straiki tatu, akawa amebakiza mmoja, kisha Betts akapiga mpira wa chini kuelekea besi ya kwanza. Rizzo aliudaka, akatazama amtupie nani, na Cole hakuwa amekimbia kuifunika besi. Dodgers walipata pointi 5 katika awamu hiyo, na hakuna hata moja iliyohesabiwa kwenye wastani wa Cole. Mchezo uliisha 7 kwa 6.

Unapolinganisha, tazama vipimo vya ulinzi kwa nafasi za katikati, yaani mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, walinzi wawili wa pande zote za besi ya pili, na mlinzi wa uwanja wa kati wa nje, kwa kuwa mipira mingi huenda huko. Kisha tenga muda utazame michezo miwili au mitatu mizima ya kila timu. Mambo kama kufunika besi, kurusha kwa mtu sahihi na kujua lini usikimbie hayaonekani kwenye jedwali, na timu inayozembea katika hayo kwa miezi sita haibadiliki ghafla Oktoba.

Uwanja, safari na mapumziko

Timu ya nyumbani hushinda takribani asilimia 54 ya michezo ya MLB, faida iliyo ndogo kuliko ile tuliyoizoea katika soka. Isogeze hesabu yako kidogo tu, na kumbuka kwamba mwaka 2019 Washington Nationals na Houston Astros walicheza michezo 7 na timu ngeni ndiyo iliyoshinda kila mmoja. Umbo la uwanja lina uzito wake: ukuta wa kona ya kulia katika Yankee Stadium uko takribani mita 96 kutoka nyumbani, wakati ule wa Dodger Stadium uko kama mita 100, na tofauti hiyo huwasaidia wapigaji wa mashoto wanapokuwa New York. Mapumziko kabla ya mfululizo yawekwe kwenye jedwali la warushaji. Mwaka 2024 Yankees walimaliza fainali ya ligi yao tarehe 19 Oktoba na Dodgers tarehe 20, hivyo zote ziliingia zikiwa zimepumzika, na kwa Freeman siku hizo chache zilikuwa dawa.

Usidanganywe na mikutano ya msimu

Dodgers na Yankees walikutana New York mwezi Juni 2024, na Dodgers wakashinda michezo 2 kati ya 3. Wengi waliitaja rekodi hiyo kabla ya World Series. Ukiichunguza, Soto hakucheza hata mchezo mmoja kati ya hiyo kwa sababu ya maumivu ya mkono, Cole alikuwa bado hajarudi kutoka majeruhi, na Flaherty, Edman na Chisholm walikuwa katika timu nyingine. Kitu pekee chenye thamani kilichobaki ni kwamba Yamamoto aliwadhibiti Yankees kwa awamu 7 bila pointi, na hata hilo ni mchezo mmoja.

Geuza maoni kuwa asilimia

Baada ya hatua hizi zote, rudi kwenye jedwali la tarehe na uandike asilimia kwa kila mchezo peke yake, ukianzia 50 na kusogeza kwa sababu ulizoziona. Mtu angeweza kuwapa Dodgers 55 katika mchezo wa Yamamoto nyumbani na 40 katika mchezo wa 4 usio na mrushaji. Ni mara chache mno mchezo wa mtoano unastahili kuvuka 60 kwa 40, na ukijikuta umeandika 75, rudi utafute ulipozidisha. Andika pia sentensi moja ya sababu kwa kila namba, ili baadaye uweze kujikosoa kwa haki.

Kisha ziache namba hizo zibadilike mfululizo unavyoendelea. Kwa anayefuatilia kutoka Dar es Salaam au Nairobi, michezo hii ya 2024 ilianza takribani saa 9 usiku, na safu za wapigaji hutangazwa saa chache kabla, hivyo ni busara kupitia orodha ya majeruhi kabla ya kulala na tena kabla ya mrusho wa kwanza. Kati ya timu mbili zilizo sawa, iliyoshinda mchezo wa kwanza wa mfululizo wa michezo 7 hupanda kutoka asilimia 50 hadi kama 66, na iliyoshinda mitatu ya kwanza hufika karibu 94. Katika historia yote ya MLB ni Boston Red Sox wa mwaka 2004 peke yao waliowahi kutoka nyuma 3 kwa 0 na kushinda mfululizo, tena dhidi ya Yankees. Ushindi unaohesabika hivyo hauna haja ya kuongezewa chochote kwa ajili ya hamasa. Kinachobaki kurekebishwa baada ya kila mchezo ni jedwali la warushaji, nani ametumika, kwa mirusho mingapi, na nani bado ana mkono wa kesho.